William Jones, msomi wa Nasik aliyewahifadhi watoro Rabai

Anayevuka daraja la Nyali na kushika barabara ya kwenda Kisauni hupita Kengeleni. Wengi hushuka pale kununua matunda au kubadilisha matatu, na wachache huitazama kengele yenyewe, iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha wakazi wa Frere Town pindi wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1875 na mmisionari William Salter Price, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya utumwa. Kilipewa jina la Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay na aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa.

Uhusiano na India haukuishia kwenye jina. Price mwenyewe alikuwa amefanya kazi Nasik, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya Mto Godavari, ambako wasomi wa Kisanskriti na mahujaji wamekutana kwa karne nyingi. Karibu na mji huo wamisionari walijenga shule ya watoto wa Kiafrika waliokombolewa baharini. Humo walisoma Biblia, lugha na ufundi. Jacob Wainwright, aliyesindikiza mwili wa Livingstone hadi Uingereza, alitoka huko. William Henry Jones pia.

Jones alitekwa akiwa mtoto. Mwaka 1864 yeye na wenzake, Ishmael Semler na George David, wakaletwa pwani yetu kusaidia kazi ya Rabai, kituo kilichoanzishwa na wamisionari Krapf na Rebmann mwaka 1846. Walijulikana kama Watu wa Bombay. Walikuwa Waafrika waliosoma ng'ambo, na huku nyumbani wakatarajiwa kuwatumikia wamisionari wa Kizungu, hata pale walipokuwa wao ndio wanaowaelewa watu vizuri zaidi.

Januari 1885 Askofu James Hannington aliwasili Frere Town. Mei 31 mwaka huo huo, Jumapili ya Utatu, aliwapa Jones na Semler ushemasi. Julai 23 msafara wa watu kama 200 ulitoka Rabai kuelekea Buganda kwa njia ya Umasaini, Jones akiwa mkono wa kuume wa askofu. Shajara yake ndiyo iliyohifadhi mengi tunayoyajua kuhusu safari hiyo. Oktoba 12, wakiwa Kwa Sundu, ndiko Mumias ya leo, Hannington alimwachia Jones sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50. Hakujua kwamba Waganda waliamini adui wa ufalme wao atatokea mashariki, upande wa Busoga. Oktoba 29 aliuawa huko kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wenzake wengi pamoja naye.

Waliosalimika wachache walimfikishia Jones habari Novemba 8. Angeweza kutimua mbio siku hiyo hiyo. Alikaa mwezi mzima akisubiri, huenda wapo wengine waliojificha wakitafuta njia ya kurudi. Kisha akawaongoza wapagazi nyumbani, na Februari 4, 1886, wakaingia Rabai wakitanguliwa na bendera ya buluu. Juu yake herufi nyeupe zilizoshonwa kwa mkono zilisomeka Ichabod, jina la mtoto aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa na Wafilisti. Msomaji wa Biblia hahitaji maelezo zaidi kuhusu huzuni ya watu wale.

Kwangu mimi, ushujaa wake mkubwa ulikuja baadaye. Alipokuwa msimamizi wa Rabai, watumwa watoro walimiminika kituoni, na Jones akawahifadhi. Wenye mali wa Mombasa walikasirika na kudai warudishiwe watu wao. Januari 1, 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alilipa fidia, na zaidi ya watoro 1,400 wakapewa hati za uhuru palepale Rabai.

Frere amebaki na jina lake Kisauni, na Hannington anakumbukwa makanisani hadi Uganda. Jones naye anastahili. Walimu wa historia wa Kisauni, Likoni na Changamwe, mnapowapeleka wanafunzi Kengeleni, msiishie kwenye kengele. Wasimulieni pia habari za shemasi huyu wa Rabai.