Safari ya Sumu ya Kuvu, Toka Gunia Hadi Maziwa

Mahindi ya Kitale, tangu Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilipoasisiwa huko mwaka 1956, na zaidi baada ya mbegu ya H611 kutolewa mwaka 1964, yamekuwa fahari ya nchi nzima. Ila mvua ikizidi wakati wa mavuno, hata mahindi yakakosa kukauka juu ya turubai, punje huota kuvu ya kijani, na zilizoharibika, huko na Bungoma pia, aghalabu huishia kwa ng'ombe wa maziwa.

Mwaka 1960 bata mzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga; zama hizo hizo vifaranga vya bata wakafa Kenya na Uganda. Wanazuoni wakaitambua kuvu Aspergillus flavus, na sumu yake wakaiita aflatoksini. Mwaka 1963 Allcroft na Carnaghan wakabainisha kwamba maziwa ya ng'ombe aliyelishwa mashudu yale huliumiza ini la kifaranga cha bata.

Ni kitu gani basi kilichopenya hadi kwenye maziwa? Holzapfel, Steyn na Purchase, huko Afrika Kusini, waliwapa kondoo sumu hiyo, na katika mkojo wa kondoo hao, mwaka 1966, wakapata jawabu. Desturi ya maabara za wakati ule ilikuwa kuutonesha mchujo juu ya kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe, na kimiminika kikipanda, kila kiambata husimama mahali pake, kiking'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Molekuli ya sumu ya asili, B1, ina uzito wa 312. Hii mpya, iliyoitwa M1, ina 328. Hiyo 16 iliyozidi ni atomu moja ya oksijeni, iliyopachikwa na ini ili sumu iyeyuke majini ipate kutoka. Lakini oksijeni hiyo ikipachikwa mahali pengine pa molekuli, huzaliwa kitu kikali kinachozishika chembe za urithi, na saratani ya ini huanzia hapo.

Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki. Watafiti wakaikuta sumu imegandamana na albumini, protini ya damu yao.

Kuchemsha maziwa hakuiondoi M1, bali ng'ombe akibadilishiwa chakula, hutoweka kwa siku chache. Basi, ndugu wafugaji wa Kitale na Bungoma, punje zilizoota kuvu zifukieni, wala msizitie horini.