Dhahabu ya Waridi na Muhuri wa Nanga

Dhahabu iliyo safi, isiyochanganywa na madini mengine, rangi yake ni manjano iliyokoza, na ulaini wake ni mkubwa hata pete iliyofuliwa kwayo hupotoka kidoleni na mkufu wake hulika upesi. Ndiyo sababu masonara wa zama zote walilazimika kuitafutia mwenzi wa kuitia nguvu, na mwenzi aliyekuwa karibu, mwenye bei nafuu na tabia ya kupatana nayo, alikuwa shaba. Shaba ikizidi, manjano hurudi nyuma na wekundu huja mbele. Wekundu huo, ambao leo umepewa jina la waridi na kuwekwa madirishani mwa maduka chini ya taa kali, haukuanza kuwa pambo: ulianza kuwa dharura ya kazi, ukaishi karne nyingi chini ya tuhuma, na lau si muhuri wa sheria uliomlazimisha fundi kuitaja shaba yake bayana, sidhani kwamba ungalipata heshima uliyo nayo sasa.

Hesabu yake si ngumu. Dhahabu safi huhesabiwa mafungu 24, yaani karati 24. Pambo la karati 18 lina mafungu 18 ya dhahabu na 6 ya madini mengine. Mafungu hayo 6 yakiwa shaba tupu, pambo huwa jekundu hasa. Yakitiwa fedha kidogo, wekundu hupoa ukawa wa waridi. Mchanganyiko uliozoeleka, katika sehemu 100, ni dhahabu 75, shaba 22 na ushei, na fedha kiasi kilichobaki.

Waingereza waliuzoea wekundu hafifu katika sarafu zao za matumizi kabla ya kuupenda katika vidani. Mwaka 1526 Mfalme Henry VIII alitoa sarafu ya karati 22 yenye sura ya waridi, nembo ya ukoo wake wa Tudor, na waridi hilo lilikuwa la nembo tu, halikuhusu rangi. Lakini kipimo cha karati 22 kilidumu, kikawa ndicho kipimo cha pauni ya dhahabu iliyoanza kutolewa mwaka 1817, yenye uzito unaokaribia gramu 8, mafungu 11 dhahabu na fungu 1 shaba. Pauni zilizoanza kupigwa Sydney mwaka 1855 zilitiwa fedha mahali pa shaba, zikatoka na manjano ya kupauka. Baadaye shaba ilirejeshwa, maana sarafu ipitayo mikononi mwa watu elfu yahitaji ugumu kuliko uzuri.

Mji ulioifanya dhahabu nyekundu kuwa biashara ya watu wengi ni Birmingham, na habari zake zastahili kuelezwa kwa utuvu. Hadi mwaka 1773 fundi wa mji huo aliyetaka kazi yake ipigwe muhuri ilimpasa kuipeleka Chester au London, safari ya gharama na hatari, na vyombo vilirudi kutoka huko vimekwaruzwa au vimechelewa. Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho, alishika njia ya Bunge, akashindana na mafundi wa London waliotaka haki hiyo ibaki kwao, hata sheria ikapita na Birmingham ikapata nyumba yake ya kupimia, yenye muhuri wa nanga. Mji ulio mbali na bahari kupewa nanga ni jambo la kustaajabisha. Hekaya husema kwamba alama hiyo ilitokana na jina la mkahawa wa London ambamo wadai wa sheria walikutana. Hapo mwanzo nanga ilipigwa juu ya fedha tu. Dhahabu iliongezwa mwaka 1824.

Upimaji wenyewe ulikuwa mwamuzi asiyependelea. Mpimaji alikwangua chembe kidogo katika pambo, akaipima kwa mizani nyepesi, akaiongezea fedha, akaifunga katika risasi na kuitia motoni ndani ya kikombe kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa. Risasi iliyeyuka, ikaibeba shaba yote, ikanywewa na kikombe. Kilichosalia kilichemshwa katika asidi ya naitriki, fedha ikayeyuka na dhahabu ikabaki peke yake, ikapimwa tena. Shaba haikuwa na pa kujificha. Pambo lililopungukiwa lilivunjwavunjwa, wala udhuru haukusikilizwa, na mimi naona ukali huo ulikuwa rehema kwa mnunuzi ambaye hakuwa na elimu wala chombo cha kujitetea.

Kisha ukaja mwaka 1854. Dhahabu ya California na ya Australia ilikuwa imekwisha kufurika masokoni, na watu wa tabaka la kati, makarani na wenye maduka, walitamani dhahabu bila ya kuwa na mali ya mabwana. Sheria mpya iliruhusu karati 15, 12 na 9. Karati 9 maana yake ni dhahabu 375 katika 1000, chini ya nusu. Na kwa kuwa fedha ni ghali kuliko shaba na huipausha dhahabu, mafundi wa Birmingham walitia shaba kwa wingi, na mapambo yakatoka na wekundu wa kupendeza. Wengine walilalamika kwamba sheria imeihalalisha ghashi. Rai yangu ni kinyume chake: ghashi ni kuificha shaba, na tangu hapo shaba ilidhihirishwa juu ya pambo lenyewe kwa tarakimu ambazo kila ajuaye kusoma aliweza kuzisoma.

Katika mtaa wa Hockley mjini Birmingham nyumba za kuishi ziligeuzwa karakana, chumba baada ya chumba. Fundi aliketi penye meza iliyokatwa upande wa kifua, na ngozi imetandazwa chini yake ipokee kila unga wa tupa. Sakafu ilifagiwa na vumbi lake likahifadhiwa, na hata maji ya kunawia mikono yalichujwa, kwa kuwa dhahabu iliyokuwa imo ndani yake ilitosha kulipa taabu hiyo. Kiwanda kimoja cha huko, Smith & Pepper cha barabara ya Vyse, kilifanya kazi kutoka mwaka 1899 hadi 1981, na kilipofungwa zana ziliachwa palepale mezani; leo ni makumbusho, na atakaye kuijua kazi hii kwa macho yake aende huko.

Kazi ya dhahabu nyekundu ina siri moja ambayo masonara hurithishana. Madini haya ya karati 18 yakiachwa yapoe polepole, joto lishukapo katika kadiri ya nyuzi 400 za Selsiasi, atomu za dhahabu na shaba hujipanga safu kwa safu mithili ya waumini msikitini, na mpangilio huo, uzuri wake kwa jicho la mwanachuoni si haba, huyafanya madini kuwa magumu na mepesi kuvunjika chini ya nyundo. Kwa hiyo fundi huyatosa majini yangali na moto, kabla hayajapata nafasi ya kujipanga. Asiyelijua hilo hupasua bangili ya watu, kisha akailaumu shaba.

Warusi nao walikuwa na dhahabu yao ya wekundu, iliyopimwa kwa zolotniki 56 katika 96, na karakana za Fabergé mjini Saint Petersburg zilifuma rangi kadhaa za dhahabu katika kazi moja. Mwaka 1924 Cartier wa Paris alitoa pete ya duara tatu zilizosukana, nyeupe, ya manjano na ya waridi. Mwaka 1942, vita vilipoikamata platinamu, Marekani ilipiga marufuku kuitumia katika mapambo, na masonara wa huko wakarudia dhahabu nyekundu kwa lazima, wakaifanyia kazi pana na nzito ambazo watafutaji wa vitu vya kale huzigombania hadi leo.

Katika pwani yetu mapokezi yalikuwa mengine. Masonara waliotoka Kutch na Kathiawar za Bara Hindi, wakafungua maduka Unguja na Mombasa, waliwauzia watu waliohesabu dhahabu kwa tola, gramu 11 na ushei, na ambao aghalabu waliinunua iwe pambo la harusi na akiba ya siku ya dhiki kwa pamoja. Akiba haitaki shaba. Kwa hiyo manjano ya karati 22 ndiyo yaliyotakiwa, na pauni ya dhahabu ikaning'inizwa kwenye mkufu kwa kuwa kipimo chake kilijulikana bandari zote. Sheria ya Kiislamu nayo iliwafundisha watu uangalifu: dhahabu haibadilishwi kwa dhahabu ila sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na katika pambo lililotiwa shaba usawa huo haujulikani kwa macho, basi salama ni kuuza la kale kwa fedha taslimu, kisha kununua jipya. Sonara naye aliegemea jiwe lake jeusi, akalisugua pambo juu yake, akautia asidi ule mstari uliobaki na kuulinganisha na mstari wa karati ajuayo.

Sasa waridi limerudi kwa nguvu, tena limepita mipaka ya dhahabu: mwaka 2015 simu za alumini ziliuzwa kwa jina hilo pasipo thamani ya dhahabu ndani yake. Hapa ndipo muuzaji apaswapo kuwa wazi zaidi ya wote waliomtangulia. Mteja akija, na aambiwe: «Mama, wekundu huu ni wa shaba. Hii ni karati 18, muhuri wake 750 huu hapa. Nakuuzia uzito wake, na ujira wa fundi nautaja mbali. Ukiivaa miaka mingi itakoza kidogo, na ukija kuiuza utalipwa dhahabu iliyomo, rangi haina bei.» Rolex, kwa kuliogopa hilo la rangi kugeuka, mwaka 2005 waliingiza platinamu kidogo katika mchanganyiko wao; sonara wa mtaani hana platinamu ya kutia, lakini ana ulimi.

Na pasipo ulimi, muhuri husema: mikufu ya saa ya Birmingham, iliyoitwa Albert kwa jina la mume wa Malkia Victoria, ilipigwa muhuri katika kila pete yake, moja moja, mkufu mzima. Saa za mkononi zilipoenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mikufu hiyo haikuwa na kazi tena, wenye nayo wakaikata kuwa bangili na vidani. Na kwa kuwa kila kipande kilikuwa na ithibati yake, vipande hivyo huuzwa hadi leo kwa uzito na kwa karati 9 zilizoandikwa juu yake, bila ya haja ya kupitishwa motoni tena.