Maji ya Rangi, Si Rangi ya Maji

Kijitabu kimoja cha mazoezi ya uchoraji, nilicholetewa na mwalimu wa Kasenyi, kinamwagiza mwanafunzi apake rangi ya maji juu ya karatasi mpaka ifunike vizuri. Hilo ni agizo la fundi wa nyumba. Mchoraji wa karatasi akilifuata, kazi yake imekufa kabla haijakauka. Mwandishi wa kijitabu simlaumu sana, kwa sababu alipewa jina bovu, na jina bovu likamwongoza kwenye maelekezo mabovu. Lawama ni ya wanakamati wa istilahi waliokaa mezani wakaamua kwamba sanaa ambayo wenzetu Wafaransa wanaiita aquarelle iitwe kwa Kiswahili “rangi ya maji”, kisha wakafunga daftari.

Jina hilo lina mwenyewe. Kuanzia Mombasa mpaka Bunia, ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya maji, utaletewa ndoo. Mafundi wamegawa kazi yao sehemu mbili, na wameigawa vizuri: rangi ya maji ni ya kuta na dari, rangi ya mafuta ni ya milango, madirisha na vyuma. Mgawanyo huo unaeleweka na kila anayejenga, na haukuhitaji kamati. Kulichukua jina la fundi na kulibandika juu ya kitu kingine ni kumnyang'anya mwenye jina na kumpotosha anayepewa.

Na ni kitu kingine kweli. Katika rangi ya ukutani maji ni mpagazi tu: yanaubeba utomvu wa kiwandani na unga wa rangi mpaka ukutani, kisha yanakwenda zake hewani. Utomvu ukishashikana, hata ukipitisha kitambaa chenye maji, rangi haiondoki, na kwa sifa hiyo ndiyo inanunuliwa. Vidonge vya mchoraji vimetengenezwa kwa unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, ile gundi ya miti ya Sudani na nchi za Sahel. Gundi hiyo haiachi kamwe kuyatii maji. Mchoro uliokauka mwaka jana, ukiugusa leo kwa brashi yenye maji, unaamka. Tena rangi yenyewe ni nyembamba, mwanga unaipenya, unagonga weupe wa karatasi na kurudi machoni, ndiyo maana mchoraji hana haja ya rangi nyeupe: weupe wake ni karatasi aliyoiacha. Kufunika karatasi, basi, ni kuzima taa.

Kwa hiyo ninatetea jina nililolipendekeza na ninaloendelea kulitumia: maji ya rangi.

Wapo watakaosema nimegeuza maneno mawili tu. Nimegeuza, na katika Kiswahili kugeuza huko ni jambo kubwa, kwa kuwa lugha yetu humtanguliza mkuu wa nyumba. Nomino ya kwanza ndiyo inayotawala, inayofuata inaieleza. Katika “rangi ya maji” anayetawala ni rangi, na maji yamewekwa kama sifa yake. Katika “maji ya rangi” wanaotawala ni maji, na rangi imo ndani yao. Mtu yeyote aliyewahi kuinamisha karatasi na kuona tone likivuta unga wa buluu kuelekea kona anajua nani anatawala pale.

Mfano wa jina la namna hii tunao tangu zamani, nao ni maji ya kunde. Tunamtaja mtu kuwa ni maji ya kunde tukimaanisha ngozi yake si nyeusi sana wala si nyeupe, bali ina wekundu ule mzito unaobaki sufuriani kunde zikichemshwa. Waliotunga jina hilo hawakuwa na shahada ya isimu. Walitazama maji, wakaona yamepokea rangi ya kilichokuwamo ndani yake, wakayataja maji kwanza. Maji ya rangi ni ndugu wa tumbo moja na maji ya kunde. Ajabu zaidi, usemi kamili ni “rangi ya maji ya kunde”, kwa hiyo mwenye sikio la Kiswahili akiambiwa “rangi ya maji” anabaki akingoja: maji ya nini? Jina la kamati ni sentensi iliyokatwa njiani.

Pwani wanayo kombe, na sijui kwa nini wanaotafuta istilahi hawakuikumbuka. Aya zinaandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, kisha maandishi yanaoshwa na mgonjwa anapewa maji yale anywe. Wino ulioandika, ukakauka, kisha ukakubali tena kuwa maji: hiyo ndiyo tabia kamili ya vidonge vyetu. Kinachonywewa ni maji yaliyobeba maandishi.

Asili ya maneno yenyewe inaniunga mkono. Rangi imetujia kutoka Kiajemi, rang, neno lililovuka Bahari ya Hindi na kuingia bara hata Lingala ikalipokea kwa sura ya langi. Ni neno la bidhaa: linataja kile kinachouzwa. Maji ni neno letu la Kibantu tangu shina. Mnyarwanda anasema amazi, Mganda amazzi, msemaji wa Lingala mai, na sisi Bunia katika mazungumzo tunasema mayi. Neno la mwenyeji liwe mwenye nyumba, neno la mgeni liwe mgeni. Hata jina la Kifaransa linatoka katika Kiitaliano acquerello, ambalo shina lake ni acqua, maji. Rangi haikutajwa humo kabisa. Walioifanya rangi itawale ni Waingereza, na kamati yetu, ninasema hili bila kusita, ilitafsiri Kiingereza neno kwa neno badala ya kukitazama kitu chenyewe. Wakongomani tuliosoma uchoraji kwa Kifaransa hatuna deni lolote kwa mpangilio ule.

Nimesikia utetezi wa aina mbili, nao unastahili jibu.

Wa kwanza ni wa wale wanaosema tutofautishe kwa wingi: “rangi ya maji” iwe ya ukuta, “rangi za maji” iwe ya mchoraji. Mwenye wazo hilo ni msomi anayeheshimika, lakini hajawahi kusikiliza Kiswahili kikizungumzwa upande wetu. Kuanzia Bunia mpaka Kisangani, katika mazungumzo ya kila siku, kiunganishi ni “ya” karibu kwa kila kitu: mtoto ya jirani, kitabu ya shule, rangi ya nyumba. Tofauti ya “ya” na “za” anayoitegemea yeye inakufa mpakani. Istilahi inayoishi kwa herufi moja ambayo mamilioni ya wasemaji hawaitamki si istilahi. “Maji ya rangi” haipatwi na balaa hilo, kwa sababu maji huchukua “ya” katika sarufi sanifu na katika mazungumzo yetu vilevile.

Wa pili ni wa anayependekeza “mchovyo”, kwa kuwa brashi inachovywa. Lakini anayenunua mkufu anajua “dhahabu ya mchovyo” ni nini: ni shaba iliyovishwa ngozi ya dhahabu. Kuipa sanaa ya uwazi, sanaa isiyoficha hata kosa moja la mkono, jina ambalo sokoni maana yake ni udanganyifu, ni kuitukana. Nilipolisema hilo katika warsha moja, niliambiwa kwamba ninaleta hisia katika jambo la kitaalamu. Pendekezo langu la maandishi lilijibiwa baadaye kwa mstari mmoja: neno limeshakubalika. Limekubaliwa na nani? Si na fundi wa ukuta, ambaye bado analitumia kwa ndoo yake, wala na mchoraji, ambaye akilitamka hana budi kueleza tena.

“Akwareli” nayo siipigi vita. Ni neno la kukopa, na atakaye alitumie. Ila halimwambii mtoto wa Kasenyi chochote kuhusu kilicho mbele yake, ilhali lugha yake mwenyewe ingeweza kumwambia.

Maana kilicho mbele yake ni kingi. Kasenyi iko chini ya Bunia, kando ya Ziwa Albert, pale barabara inapomaliza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye mita 620 hivi, na tofauti hiyo mchoraji anaisikia mkononi: kule juu karatasi inabaki mbichi ukapata nafasi ya kufikiri, huku chini joto na upepo wa ziwa vinaikausha brashi ikiwa bado hewani. Mitumbwi haikai. Nyavu zinakunjwa, makayabu, samaki wa chumvi, yanageuzwa upande wa pili, wanawake wanapanga mafungu na kuyauza. Samaki wa kapitene, ambaye watu wa Mwanza wanamwita sangara na ambaye alipelekwa Ziwa Victoria kutoka ziwa letu hili miaka ya 1950, hutoka majini aking'aa kama fedha, na mng'ao ule haungoji. Mwanafunzi aliyeagizwa apake mpaka ifunike atachelewa vyote. Aliyeambiwa kwamba anafanya kazi na maji, akaweka madoa matatu mepesi na kuacha karatasi iseme mengine, atakuwa amempata samaki.

Wataalamu wa wanyama walilijua hilo. James Chapin alipozunguka kaskazini mashariki mwa Kongo na msafara wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, kati ya 1909 na 1915, alichora ndege na samaki kwa maji ya rangi, kwa kuwa ngozi iliyokaushwa na samaki aliyehifadhiwa hupoteza rangi zake, na picha za kamera za wakati huo karibu zote zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Lakini mfano wa karibu zaidi tunao msituni Ituri, na hauna msaada wa makumbusho yoyote. Wambuti wana kitambaa cha gome la mti, pongo. Wanaume huligonga gome mpaka lilainike. Wanawake hulichora kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Michoro ile haifuniki gome. Inalowa ndani yake, na pale mchoraji alipoacha, gome linaonekana na kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Mama wa Kimbuti akiulizwa anachorea nini, jibu la kweli ni kwamba anachorea maji yenye rangi.

Na tusidhani kwamba karatasi ilichelewa kufika. Mwaka 1926 Georges Thiry, mtumishi wa utawala wa Kibelgiji, aliona picha zilizochorwa kwenye kuta za nyumba huko Bukama, Katanga, akawapa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, na mkewe Antoinette, karatasi na vidonge vya rangi. Kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, na mwaka 2015 zilitundikwa tena Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo ya Fondation Cartier. Zitazame: ndege, chui, watu, na nyuma yao karatasi tupu. Watu waliotoka kwenye ukuta walielewa mara moja kwamba karatasi haitaki kufunikwa. Karibu miaka 100 baadaye tunawafundisha wajukuu wao kinyume, kwa sababu ya jina.

Kuna pingamizi moja ninalolikubali kuwa zito: vidonge vikiwa kavu dukani, vitaitwaje maji? Viitwe vidonge vya rangi, kama nilivyoviita hapo juu. Vinakuwa maji ya rangi pale brashi inapovigusa, na kutenganisha hali hizo mbili ni faida kwa mwalimu, maana ndicho kitu cha kwanza anachopaswa kumweleza mwanafunzi. Ama hofu kwamba maji ya kuchovyea ukili nayo ni maji ya rangi, ni kweli, na sioni aibu sanaa hii kuitwa jina moja na kazi ya wasusi wa mikeka.

Kwa matumizi: maji ya rangi (ngeli ya YA-YA), mchoro wa maji ya rangi, mchoraji wa maji ya rangi, kitenzi ni kutia, si kupaka wala kupakala, maana tunapaka chokaa na mafuta, na mchoro wa haraka unaofanywa ufukweni ni mchoro wa papo hapo, kwa kuwa rasimu imeshachukuliwa na watunga katiba.

Ninawaomba wahariri wa vitabu vya shule, wa upande huu wa ziwa na wa upande wa Uganda, waifute “rangi ya maji” katika masomo ya uchoraji na kuirudisha kwa mafundi wa nyumba. Na mwalimu wa Kasenyi, ndugu yangu, usingoje kamati: waandikie watoto ubaoni “maji ya rangi”, na lile agizo la kufunika karatasi lipige mstari leo.