Elda: Tunda la Uani na Rangi ya Divai

Iko miti iliyopata sifa katika vitabu vya historia kwa sababu mataifa yaliigombania, kama mkarafuu na mchai na mpira. Uko mti mwingine, wa Ulaya, ambao hapana mfalme aliyeupigania, wala haukupandwa katika mashamba makubwa mpaka siku hizi za karibuni. Bali umeota wenyewe tangu zamani nyuma ya jiko, kando ya zizi, na penye jaa. Waingereza huuita elda, nasi tutauita hivyo hivyo. Wataalamu wa mimea huuita Sambucus nigra. Twapenda kueleza habari zake kwa maana mti huu mnyonge uliwahi kuwatia wakulima na wafanya biashara wa Ureno katika mashaka makubwa; na jambo lililouletea aibu sokoni ndilo hilo hilo lililoupa heshima nyumbani, yaani weusi wa maji ya matunda yake.

Elda si mti mkubwa. Kwa kawaida hufika urefu wa mita 6 hivi, nao huchipua fimbo nyingi toka shinani kama kichaka. Matawi yake machanga yana kiini cheupe kilicho laini, hata mtoto akikisukuma kwa kijiti hutoka chote, akabaki na bomba mkononi. Majani yake yakisuguliwa hutoa harufu mbaya. Lakini maua yake, yatokayo mwezi wa Juni, ni meupe yenye manjano kidogo, madogo madogo, yamekaa pamoja kama sahani, na harufu yake ni tamu. Hata ufikapo Agosti na Septemba, mahali pa maua huwa pana vichala vya matunda meusi, kila tunda kadiri ya punje ya pilipili manga, na kichala chote huinama kwa uzito.

Kuupanda hakuna taabu. Wakati wa baridi, majani yakiisha kupukutika, mtu hukata fimbo ya mwaka mmoja, urefu wa sentimeta 25 au 30, akaichomeka katika udongo hata theluthi mbili zikazikwa. Mwaka wa pili au wa tatu huanza kuzaa. Hupenda ardhi yenye unyevu na samadi, ndiyo sababu huonekana sana karibu na mazizi. Fimbo zilizozeeka hukatwa chini kabisa ili nyingine mpya zipate nafasi. Adui yake ni ndege. Au tuseme rafiki yake, kwa kuwa ndege ndio waliozichukua mbegu zake na kuzitawanya kila mahali. Mwenye mti asipoamka mapema siku matunda yaivapo, hukuta vikonyo vitupu.

Watu wamekula tunda hili tangu kale sana. Mbegu zake zimechimbuliwa huko Uswisi katika mabaki ya vijiji vya kando ya maziwa, vya watu wa zamani ambao hawakujua bado kutumia chuma. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja kwamba matunda yake hutiwa katika nywele kuzipa rangi. Aliandika pia neno la kufurahisha: kwamba wachunga kondoo waliamini ya kuwa baragumu la elda hulia vizuri zaidi kama mti umekatwa mahali ambapo sauti ya jogoo haisikiki. Watu wa Denmark nao walisema kwamba ndani ya mti huu anakaa mama mmoja mlinzi, wala haifai kukata tawi bila kumwomba ruhusa kwanza. Msomaji wetu ambaye babu yake hakukubali kukata mti fulani pasipo kunena maneno, hatacheka sana.

Tena katika Uingereza ya zamani ilisemwa kwamba Yuda Iskarioti alijinyonga katika mti wa elda. Biblia haitaji mti wo wote, na atazamaye matawi ya elda, jinsi yalivyo mepesi kuvunjika, atashangaa kama yangeweza kumchukua mtu mzima. Walakini hadithi hiyo ilikaa vinywani mwa watu kwa karne nyingi.

Basi na tuingie jikoni. Mavuno ya elda hayangoji. Kichala hukatwa chote kwa kisu au mkasi siku matunda yote yamekuwa meusi, na kazi ya kuyapukusa sharti ifanywe siku ile ile, maana huharibika upesi. Wanawake wa Ulaya huchukua uma wa mezani na kukichana kichala kama mtu achanaye nywele, matunda yakaanguka bakulini. Mabichi ya kijani hutupwa, na vikonyo hutupwa. Kisha matunda hutiwa katika sufuria pamoja na maji kidogo, yakachemshwa hata yakapasuka, yakakamuliwa kwa kitambaa. Maji yatokayo ni meusi yenye wekundu, nayo yakiingia katika nguo safi, mwenye nguo atayakumbuka mwaka mzima. Hutiwa sukari, hurudishwa motoni, hutiwa chupani yangali moto, yakawa shira ya kunywewa na maji wakati wa baridi. Kaskazini ya Ujerumani, huko Hamburg na Holstein, hupikwa supu ya maji hayo pamoja na vipande vya tufaha na matonge madogo ya chenga za ngano. Waingereza walifanya divai ya nyumbani, maskini asiyeweza kununua ya zabibu akajifanyia ya elda. Na katika karne ya 19 ilikuwa ikiuzwa moto usiku wa baridi katika njia za London. Wakati wa vita vya 1939 hata 1945, sukari na vyakula vingi vilipogawiwa kwa kipimo, serikali ya Uingereza iliwahimiza watu kuyaokota matunda ya vichakani, na elda likawa mojawapo, likapikwa jemu pamoja na tufaha.

Dawa pia ilikuwa. Mganga mmoja wa Kijerumani, Martin Blochwich, aliandika kitabu kizima juu ya mti huu, kikapigwa chapa Leipzig mwaka 1631, na mwaka 1655 kikatolewa kwa Kiingereza huko London. Ndani yake karibu kila ugonjwa una dawa ya elda, ama kwa ua, ama kwa tunda, ama kwa jani, ama kwa gome. Kitabu kinachoponya kila kitu chataka kusomwa kwa tahadhari. Siku hizi wataalamu wamefanya majaribio machache juu ya shira ya elda na homa ya mafua. Majaribio hayo ni madogo, wala hayatoshi kumfanya mtu amwache daktari.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa maana liko jambo la hatari. Elda bichi ina sumu. Majani, vikonyo, magome, mizizi na matunda yasiyoiva yana kitu ambacho tumboni hutoa sumu ya namna ile ile iliyomo katika muhogo mchungu. Wasomaji wetu wanajua muhogo ule haufanyiwi haraka: humenywa, hulowekwa, huanikwa, ndipo ukawa chakula. Elda nayo hutengenezwa kwa moto. Mwezi wa Agosti 1983, huko California, Marekani, watu waliokusanyika pamoja walikunywa maji ya elda ya porini yaliyokamuliwa bila kupikwa, tena matunda yalikuwa yamepondwa pamoja na majani na matawi yake. Baada ya muda mfupi walianza kutapika na kuishiwa nguvu, na 8 kati yao wakachukuliwa hospitali kwa helikopta. Kwa rehema hakufa mtu. Twalitaja jambo hili pia kwa sababu ndugu mmoja wa mti huu huota katika nyanda za juu za Kenya, penye mlima Kenya na milima ya Aberdare. Huo ni mmea mfupi, si mti, nao ni wa jamii inayojulikana kwa ukali wa matunda yake. Mtu asisome habari za supu ya Hamburg akaenda kuwachumia watoto wake.

Sasa tuje Ureno. Mwaka 1703 Uingereza na Ureno zilipatana kwamba divai ya Ureno iingiapo Uingereza ilipe ushuru uliopungua theluthi moja kuliko ule wa divai ya Ufaransa. Kwa hiyo biashara ya divai ya bonde la mto Douro, ipakiwayo katika bandari ya Porto, ikakua sana. Milima ya huko ni mikali, na wakulima walijenga kuta za mawe kutoka mtoni hata juu, ili mizabibu ipate mahali pa kusimama. Wanunuzi wa Kiingereza walipenda divai nyeusi, nzito, yenye nguvu, nao waliihukumu kwa macho kabla ya kuihukumu kwa ulimi. Lakini zabibu hazitoi rangi sawa kila mwaka. Mvua ikizidi, divai hupauka. Na pale pale kando ya mashamba iliota elda, ambayo matunda yake machache yatosha kulitia weusi pipa zima.

Mkulima mwenye divai iliyopauka, na watoto nyumbani, na mnunuzi anayetaka weusi, afanye nini? Wengi walifanya kama ilivyotazamiwa. Wakatia elda, wakatia sukari, wakatia na mvinyo mkali. Hata bei zilipoanguka, mwaka 1754 wafanya biashara wa Kiingereza wa Porto waliandika barua kwa mawakala wao wa mashambani, wakiwalaumu kwamba wakulima wanaiharibu divai. Majibu yalirudi makali: kwamba ni Waingereza wenyewe waliotaka rangi ile na kuifundisha hila ile. Barua zote mbili zilikuwa na kweli ndani yake, na hasara yote ilimwangukia mwenye shamba.

Wakati huo mwenye nguvu katika serikali ya Ureno alikuwa waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal. Tarehe 10 Septemba 1756 alianzisha kampuni ya kusimamia divai ya Douro. Mipaka ya bonde ikapimwa na kuwekwa nguzo za mawe, ambazo baadhi yake zingali zimesimama, ili divai ya nje isiingizwe na kuitwa ya Douro. Na miti ya elda iliyokuwa ndani ya mipaka ikaamriwa ing'olewe. Tufikiri jambo hili lilivyokuwa kwa mama wa nyumba ambaye hakupata kuuza hata pipa moja la divai: mti uliompa maua ya kutuliza homa na matunda ya shira, ukang'olewa uani kwake kwa kosa la pipa la mtu mwingine.

Kampuni ile haikupendwa na wote. Iliyashika pia mauzo ya divai katika mji wa Porto, na tarehe 23 Februari 1757, siku ya Jumatano ya Majivu, watu wa mji, wengi wao wauza divai na wanywaji, walifanya ghasia. Waziri aliwaadhibu bila huruma, na watu zaidi ya kumi walinyongwa. Haifai kusema kwamba walikufa kwa ajili ya elda. Walikufa kwa ajili ya riziki na kwa ukali wa mtawala. Lakini sheria zilizowaudhi na amri iliyoung'oa mti zilitoka katika mkono ule ule.

Je, elda ilikwisha? Haikukwisha. Mti uling'olewa, lakini tamaa ya divai nyeusi haikung'olewa, nayo ilikaa Uingereza, mbali na shoka la waziri. Karibu miaka tisini baadaye, mwaka 1844, Mwingereza mmoja mkaaji wa Porto, Joseph James Forrester, yeye mwenyewe mfanya biashara ya divai na mchora ramani ya mto Douro, alitoa kijitabu akifunua kwamba divai ingali ikitiwa elda, sukari na mvinyo mkali. Wenzake wa biashara walimkasirikia sana. Forrester alikufa maji katika mto ule ule mwaka 1861, mashua yake ilipopinduka penye maporomoko. Husimuliwa kwamba mshipi wake uliojaa fedha ndio uliomvuta chini. Maiti yake haikuonekana.

Katika karne ya 20 watu walianza kuichagua elda na kuipanda kwa mistari kama zao lingine. Huko New York aina iitwayo Adams ilichaguliwa katika miti ya porini mwaka 1926. Austria ilipata aina yake iitwayo Haschberg, yenye vichala vikubwa viivavyo pamoja, nayo sasa imejaa mashamba ya jimbo la Styria. Na Ureno nayo imerudi kuipanda. Katika bonde la Varosa, mto uingiao katika Douro, wakulima huvuna elda kila mwisho wa kiangazi na kuipeleka Ujerumani na kwingineko, ambako hukamuliwa ili kuvipa rangi vinywaji na vyakula. Wanunuzi huilipia kwa ajili ya ule ule weusi, na siku hizi jina la elda huandikwa kwenye karatasi ya chupa.