Taa Ndogo Juu ya Daraja: Mafundi Wasiotajwa, Kutoka Edo Hadi Shighatini

Cheki picha hii: mwezi mpevu, maji ya bluu, daraja la mbao, na watu wadogo wanakatiza usiku, hakuna anayejulikana jina. Pembeni mianzi imepangwa mpaka imekuwa kama ukuta. Hapo ni Kyobashi, mjini Edo, ambayo leo ni Tokyo. Mwaka ni 1857.

Anayetajwa siku zote ni Hiroshige, na kweli ndiye aliyechora. Ila picha hizi hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchoraji alitoa mchoro. Mchongaji akaubandika kwenye ubao wa mcheri na kuchonga mstari kwa mstari, kila rangi na ubao wake. Mchapaji akapaka rangi na kusugua karatasi kwa mkono. Mchapishaji ndiye aliyekuwa na mpunga.

Sasa angalia vizuri pale darajani. Kuna mtu kabeba taa ya karatasi, na kwenye taa pameandikwa "Hori Take", yaani mchongaji Take. Ni kifupi cha Yokokawa Takejirō, mmoja wa mafundi waliochonga mbao hizo. Na "take" kwa Kijapani ni mwanzi! Jamaa kajichomeka kijanja. Leo mto wenyewe umeshafukiwa, lakini taa yake bado inawaka.

Haya, turudi nyumbani. Shighatini, Usangi, kwenye milima ya Upare Kaskazini. Wazee wa Upare walichimba mifereji kwenye miteremko na kujenga ndiva, mabwawa ya udongo na mawe. Usiku watu wamelala, maji yanajikusanya taratibu chini ya mwezi. Asubuhi ndiva inafunguliwa, na mwenye zamu anapata maji yenye nguvu ya kufika shambani. Bila hivyo, kijito chembamba kingeishia njiani. Tope likijaa, watu wanaitana msaragambo, wanazibua pamoja.

Watawala wa kale wameingia vitabuni. Isaria Kimambo alichapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969. Lakini yule aliyejua mfereji upite wapi ili maji yakubali kuzunguka mlima? Huyo hakuwa hata na taa ya kuandikia jina.

Kama una bibi au babu Usangi, Ugweno au Same, mpigie leo umuulize: mfereji wetu alichimba nani? Akikutajia, andika. Wazee wakiondoka, wanaondoka na majina.