Kocha Haendi na Filimbi Peke Yake

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika michezo usemi huo tumeufanya kama sheria. Timu ikifungwa mara tatu mfululizo, mashabiki wa Jangwani na wa Msimbazi, ambao hawakubaliani kwa lolote jingine, huanza kuulizana swali moja: kocha wa kigeni anakuja lini? Wiki hii tuulize maswali mengine. Huyo mgeni hufikaje? Nani humdhamini, na nani humpa kibali? Na kwa nini sisi ni hodari wa kupokea makocha kuliko kuwapeleka ng'ambo?

Tuanze na Waingereza, maana ndio waliokuwa wa kwanza kutafuta riziki ya namna hii kwa wingi. Mwaka 1910 mchezaji mmoja wa Uingereza, Jimmy Hogan, alikwenda Uholanzi kufundisha kandanda katika mji wa Dordrecht. Miaka 2 baadaye alikuwa Vienna, akifanya kazi na Hugo Meisl, baba wa soka ya Austria. Siku zile mambo ya karatasi yalikuwa mepesi. Katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi mtu alipanda treni na kuvuka mpaka bila hata kuulizwa pasi. Barua ya klabu na mfuko wa nguo vilitosha.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipolipuka mwaka 1914, wepesi ule uligeuka balaa. Hogan alikamatwa Vienna kwa kuwa raia wa nchi adui. Mjini Berlin hali ilikuwa mbaya zaidi. Steve Bloomer, mfungaji aliyekuwa akitajwa kila nyumba ya Uingereza, alikuwa amekwenda huko kufundisha klabu ya Britannia. Yeye, Fred Pentland, John Cameron na wenzao walifungiwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa kambi ya kizuizini kwa raia wa Uingereza zaidi ya 4,000. Wakalala katika mabanda ya farasi. Kosa lao lilikuwa moja tu: kuwa kazini ugenini wakati serikali mbili zilipogombana.

Hogan aliokolewa na klabu ya MTK ya Budapest. Wakubwa wa klabu hiyo walimtaka, wakamtafutia ruhusa ya kukaa Hungary, naye akafundisha vijana wao wakati mizinga ikiendelea kunguruma. Huo ndio udhamini wenyewe, kabla haujapewa fomu wala muhuri. Mwenyeji anasimama mbele ya serikali yake na kusema: huyu namhitaji, namchukulia dhamana. Vita ilipokwisha Hogan alirudi kwao. Husimuliwa kwamba alipokwenda kwa viongozi wa soka kuomba msaada alipewa soksi za kijeshi, kwa maana kwamba wanaume wa kweli walikuwa vitani. Jibu lilikuja miaka mingi baadaye. Novemba 25, 1953, Hungary iliichapa Uingereza mabao 6 kwa 3 katika uwanja wa Wembley, na viongozi wa soka wa Hungary wakasema hadharani kwamba mwalimu wao alikuwa Hogan.

Pentland naye hakukata tamaa. Alitoka Ruhleben, baadaye akaenda Hispania, na akiwa na Athletic Bilbao alichukua ubingwa wa ligi mwaka 1930 na 1931.

Baada ya vita hiyo milango ilianza kuwekewa makomeo. Pasi ikawa lazima, na Uingereza ikataka kila mgeni anayekwenda kufanya kazi awe na kibali cha Wizara ya Kazi, kikiombwa na mwajiri. Mwaka 1930 Arsenal ilitaka kumchukua Rudi Hiden, mlinda mlango wa Austria. Klabu ilikuwa tayari, mchezaji alikuwa tayari, lakini wizara ilikataa na kijana akarudishwa. Hoja ilikuwa kwamba kazi ile angeweza kuifanya Mwingereza. Hiden alikuwa mchezaji na si kocha, lakini hoja hiyo ndiyo mama wa sheria zote za vibali hadi leo. Iliwachukua Waingereza hadi mwaka 1990 kumkabidhi klabu ya daraja la juu kocha asiyetoka visiwa vyao wenyewe. Alikuwa Jozef Vengloš wa Czechoslovakia, na klabu ilikuwa Aston Villa.

Wapo pia waliopita mlango wa ukimbizi. Béla Károlyi wa Romania ndiye aliyemnoa Nadia Comăneci, binti aliyepata alama 10 kamili katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Mwaka 1981 Károlyi na mkewe Márta walikuwa New York na timu yao, wakaamua kutorudi. Kocha wa mabingwa wa Olimpiki akajikuta akifanya vibarua California ili apate chakula, maana sifa zake hazikuwa na karatasi ya kuziunga mkono. Baadaye alipata nafasi Texas, na mwaka 1984 mwanafunzi wake Mary Lou Retton akaipa Marekani medali ya dhahabu.

Kwetu, wageni wengi wameacha alama. Slawomir Wolk wa Poland aliiongoza Taifa Stars katika fainali za Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980. Tulisubiri miaka 39 kurudi fainali hizo, na aliyetufikisha Misri mwaka 2019 alikuwa Mnigeria, Emmanuel Amunike. Kati yao alipita Mbrazili Márcio Máximo. Kila mmoja alikuwa na mwenyeji wa kumwombea kibali.

Je, Mwafrika hawezi kutoka? Anaweza. Pitso Mosimane wa Afrika Kusini aliipa Mamelodi Sundowns ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2016. Mwaka 2020 Al Ahly ya Cairo ikamwita, akaipa ubingwa huo mara 2, kisha akaenda Saudi Arabia. Florent Ibenge wa Kongo aliipa RS Berkane ya Morocco Kombe la Shirikisho mwaka 2022, na mwaka 2025 akaja Azam hapa Dar es Salaam. Tazama njia yao. Hawakuanza kwa kutafuta viza. Walianza kwa kushinda nyumbani, kazi yao ikaonekana, na mwajiri akawafuata.

Nayasema haya kwa sababu vijana wetu wenye vyeti vya ukocha wanapokea ahadi kila siku: kazi iko Ulaya, viza iko tayari, tanguliza pesa. Historia hii inatupa kipimo cha ahadi hizo. Kwanza, mdhamini ni mwajiri, si dalali. Uingereza, kwa mfano, tangu Oktoba 2021 ina viza maalumu ya wanamichezo wa kimataifa na makocha. Inadai klabu au taasisi yenye leseni ya kudhamini wageni, pamoja na uthibitisho wa chama kinachosimamia mchezo huo. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwa umma, na kuitazama hakuhitaji wakala. Pili, viza za aina hii ni za watu waliokwisha kujijengea jina katika ngazi ya juu. Marekani nayo, kwa sheria yake ya mwaka 1990, ilianzisha viza ya watu wenye kipaji kisicho cha kawaida, na kipaji hicho lazima kithibitishwe kwa maandishi. Anayekuahidi viza ya namna hiyo bila kukuuliza umefundisha wapi na umeshinda nini, anatafuta fedha yako.

Vyama vyetu vya michezo navyo vina deni. Kocha wa mtaani anayelea watoto kwa miaka 10 bila mkataba wala kumbukumbu yoyote ya maandishi hawezi kujieleza mbele ya ofisa wa ubalozi. Tukiwapa makocha wetu mafunzo ya ngazi za juu, mikataba ya kweli na rekodi zinazotunzwa, tutakuwa tumewapa nusu ya safari. Bila hivyo tutaendelea kuwalaki wageni uwanja wa ndege kwa ngoma, huku walimu wetu wakiuza viwanja vyao ili kununua ahadi hewa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.