Kutoka Sanduku la Vitabu hadi Ajira Portal: Maktaba na Safari ya Kutafuta Kazi Morogoro

Kijana wa Morogoro mwenye shahada mkononi na asiye na kazi hulazimika kutoa fedha kabla hajaanza kuzipata. Tangazo la nafasi za kazi analipata kwenye kundi la WhatsApp. Anakwenda steshenari kuchapa barua ya maombi na wasifu wake, akilipia kila ukurasa. Vyeti anavipeleka kwa wakili vigongwe mhuri, kisha anarudi steshenari kuviskani. Mwenye duka, ambaye kwa kurudia kila siku ameujua vizuri Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini, anamwingizia taarifa zake: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), matokeo ya kidato cha nne, majina ya wadhamini. Likitoka tangazo jingine, gharama zinaanza upya.

Mjini humo humo ipo Maktaba ya Mkoa, yenye meza, viti na wakutubi waliosomea kazi ya kumsaidia mtu kupata taarifa anayoihitaji. Wengi wanaoingia humo ni wanafunzi wanaojisomea madaftari yao wakijiandaa na mitihani. Mtafuta kazi hupita nje. Hakuna aliyemkataza kuingia, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba shida yake ni kazi ya maktaba.

Ni shida ya maktaba tangu mwanzo. Ukiifuatilia historia ya maktaba za umma nchini, utaona kwamba zilikua pamoja na mahitaji ya kazi, na kwamba kutengana kwa vitu hivi viwili ni jambo la juzi tu.

Mkonge, reli na makarani

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, miaka miwili baada ya Wajerumani kuanza kuijenga kutoka Dar es Salaam. Pembezoni mwake yalienea mashamba ya mkonge: Kingolwira, Pangawe, Tungi, Mazimbu, na kuendelea hadi Kimamba upande wa Kilosa. Mashamba yalikula watu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichokusanya manamba kutoka sehemu za mbali kama Kigoma na Songea, na hata nje ya mipaka ya Tanganyika, na kuwasafirisha kwa mkataba. Waluguru wengi, wenyeji wa milima ya Uluguru, hawakuupenda mkataba mrefu. Waliteremka milimani kufanya kibarua, wakapata fedha ya kodi na chumvi, wakarudi kwenye mashamba yao ya Matombo, Mgeta na Kinole.

Huo ndio uliokuwa mfumo wa ajira wa wakati ule. Taarifa za kazi zilikuwa mikononi mwa mwajiri na wakala wake, na mfanyakazi alijua kile alichoambiwa. Kukata mkonge hakukudai kusoma, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kumpelekea mkata mkonge kitabu.

Waliohitaji kusoma walikuwa makarani, walimu, matarishi, mafundi wa reli na waganga wasaidizi. Kwao karatasi ilikuwa ngazi ya kupandia cheo. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipita mikono mingi kabla halijachakaa. Mwaka 1953 ilifunguliwa Mzumbe, si mbali na Morogoro mjini, shule ya serikali za mitaa ya kuwafundisha watendaji na makarani wa tawala za wenyeji. Shule hiyo ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na leo ni Chuo Kikuu cha Mzumbe.

Vitabu vinasafiri kwa posta

Kwa kundi hilo la wasomi wachache ndipo huduma ya maktaba ilipoanzia. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha East African Literature Bureau, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Pamoja na kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine, idara hiyo iliendesha maktaba za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa masanduku ya vitabu yaliyopelekwa kwenye vituo vya jamii, yakakaa kwa muda, kisha yakabadilishwa. Ya pili ilikuwa maktaba ya posta: msomaji aliyekuwa mbali na mji aliandika barua kuomba kitabu, akatumiwa, akakisoma na kukirudisha kwa njia ile ile.

Wazo hilo linafaa kukumbukwa leo. Kabla ya simu za mkononi na intaneti, watu walifahamu kwamba mwalimu wa milimani hawezi kusubiri mpaka ajengewe jengo la maktaba, kwa hiyo taarifa ndiyo iliyomfuata alipo.

Mwaka 1960 Sydney Hockey, mtaalamu wa maktaba wa East African Literature Bureau, aliandika ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ilitangulia kwa sheria ya mwaka 1963, Uganda ikafuata 1964 na Kenya 1965. Huduma ya Maktaba Tanganyika ilianza kazi mwaka 1964 chini ya Max Broome, mkutubi kutoka Uingereza, kabla ya uongozi kushikwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno. Tarehe 9 Desemba 1967, miaka sita kamili baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Maktaba za mikoa nazo zilifunguliwa moja baada ya nyingine, na Morogoro ikapata yake.

Kisomo chenye manufaa

Mwaka huo wa 1967 ndio wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Kwa takwimu za serikali, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni iliyofuata ikajengwa juu ya kazi. Vitabu vya kwanza vya kisomo vilihusu pamba, migomba, ufugaji, uvuvi na siasa ya kujitegemea. Mtu alijifunza herufi huku akijifunza kupanda kwa mistari. Kufikia 1986 serikali ilisema wasiojua kusoma wamebaki karibu 10 katika kila 100.

Maktaba ziliingizwa moja kwa moja katika kazi hiyo. Maktaba za vijiji zilianzishwa ili aliyehitimu kisomo asisahau, awe na cha kusoma kinachohusu shamba lake na afya ya watoto wake. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliipa Bodi ya Huduma za Maktaba majukumu mapana, likiwemo la kushiriki katika kampeni za kufuta ujinga. Katika miaka hiyo hakuna aliyeona ajabu maktaba kushughulika na riziki ya mtu.

Miaka ya viwanda

Morogoro ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa mji wa viwanda. Kulikuwa na kiwanda cha viatu, cha ngozi, cha magunia, cha tumbaku, na viwanda vya nguo vya Canvas na Polytex. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe nje. Hakikuwahi kukaribia lengo hilo, na mwaka 1990 kilifungwa.

Katikati ya kipindi hicho ilikuja sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Kila mwenye nguvu alitakiwa awe na kazi inayotambulika. Mijini watu waliandikishwa, na wasio na kazi walirudishwa vijijini kulima. Dola ilitumia daftari la majina kuwatafutia watu kazi, na wengi waliorudishwa hawakukaa, kwa sababu kuhamishwa hakukuwapa ujuzi wala taarifa mpya.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huo huo chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro kikapewa jina lake, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), na mwaka 1991 sheria ya Bunge ikaifanya maktaba ya chuo hicho kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine. Kwa hiyo Morogoro, mji usio mkubwa, una maktaba ya umma ya mkoa na pia maktaba ya taifa yenye jukumu la maarifa ya kilimo, shughuli inayowaajiri Watanzania wengi kuliko nyingine yoyote. Kampasi mojawapo ya chuo hicho ni Mazimbu. Shamba hilo la zamani la mkonge lilitolewa kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa ANC, wakajenga Chuo cha Solomon Mahlangu, na mwaka 1992 wakaikabidhi Tanzania majengo yake.

Miaka ya 1990 ikawa ya kupunguzwa kazi. Mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, serikali ikapunguza watumishi, na mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka 15 akajikuta anaulizwa cheti cha ufundi ambao aliufundishwa na mashine yenyewe. Wakati huo ndipo maktaba ilipohitajika zaidi, na ndipo ilipokuwa na uwezo mdogo zaidi. Fedha za kununua vitabu zilikauka, rafu zikategemea misaada kutoka mashirika kama Book Aid International la Uingereza, na maktaba za vijiji zikafifia. Mtafuta kazi na mkutubi walipotezana hapo.

Ajira yahamia mtandaoni

Vyombo vya ajira viliendelea kujengwa, lakini mbali na maktaba. Sheria ya kukuza huduma za ajira ilipitishwa mwaka 1999. Kituo cha kuunganisha waajiri na watafuta kazi kilianza Dar es Salaam mwaka 2001, na mwaka 2008 ukaundwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Kwa upande wa serikali, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilichukua jukumu la kutangaza nafasi na kufanya usaili, na baadaye maombi yote yakahamia Ajira Portal.

Mfumo wa mtandao umepunguza bahasha na safari za Dar es Salaam, na hilo ni jema. Ukubwa wa tatizo la ajira ulionekana Juni 2014, pale watu zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Lakini mtandao umeleta sharti lake: uwe na kifaa, bando, ujuzi wa kompyuta, na mtu wa kumuuliza tangazo hili ni la kweli au la tapeli anayetaka "hela ya fomu". Kwa kijana wa Bunduki au Nyandira, huko juu Mgeta, kila kimoja ni nauli ya kuteremka mjini.

Nchi nyingine zimeliona pengo hili na kuwapa wakutubi kazi ya kuliziba. Mwaka 1904 mkutubi John Cotton Dana alifungua tawi la maktaba ya Newark, Marekani, kwa ajili ya watu wa biashara na kazi. Uchumi wa nchi hiyo ulipoanguka mwaka 2008, watu waliopoteza ajira walijaa maktaba kuandika maombi kwa kompyuta za bure, na sheria ya nguvu kazi ya mwaka 2014 ikazitaja maktaba za umma kuwa washirika wa vituo vya ajira. Karibu zaidi nasi, Maktaba ya Taifa ya Uganda kwa kushirikiana na shirika la EIFL imewafundisha wakutubi wa miji midogo kuwafunza vijana na wanawake ujuzi wa kidijiti.

Kinachowezekana Morogoro

Maktaba haitengenezi ajira. Nafasi zikiwa 70, zitabaki 70. Inachoweza kufanya ni kupunguza gharama ya kuomba, kufunga mlango wa utapeli, na kumwonyesha mtu njia ambazo hakujua zipo.

Mfano ni fundi wa Kihonda aliyejifunza ujenzi kwa kumsaidia mjomba wake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kumpima fundi wa namna hiyo na kumpa cheti kinachotambua ujuzi alioupata nje ya darasa. Cheti hicho kinaweza kumfungulia zabuni na ajira rasmi, lakini ni lazima kwanza apate habari zake. Kumpa mtu habari ya namna hiyo, kwa usahihi na bila malipo, ndiyo taaluma ya mkutubi.

Hatua za kuanzia si za mabilioni. Maktaba ya Mkoa itenge meza ya ajira yenye kompyuta na skana kwa ajili ya Ajira Portal, na mtafuta kazi asitozwe ada ya kuingia kwa shughuli hiyo. Ofisa wa ajira na mwakilishi wa VETA wawe na siku yao ya kukaa hapo, itangazwe redioni. Mzumbe na SUA zina wakutubi na wanafunzi wanaoweza kufundisha kuandika wasifu na kujiandaa na usaili. Matangazo yaliyohakikiwa yachapwe na kubandikwa kwenye ofisi za kata za milimani, yakipelekwa kwa basi kama masanduku ya vitabu yalivyopelekwa enzi zile. Na kwa kijana anayerudi shambani kwa hiari yake, Maktaba ya Taifa ya Kilimo iweke kwa Kiswahili chepesi mambo ya mbegu, soko na mikopo yanayohusu karoti na njegere za Mgeta au viungo vya Kinole.

Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022, na tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) imeusogeza jirani na Dar es Salaam na Dodoma. Kazi zitakuja na nyingine zitaondoka, kama mkonge na viatu vilivyokuja na kuondoka. Bodi ya Huduma za Maktaba na wenye dhamana ya ajira wanayo sheria, wanalo jengo na wanao wataalamu. Wakae meza moja, waandike makubaliano, na waanzie Morogoro.